Kompyuta Inapokataa Kusoma Diski

Makabati ya nyumba za Unguja, kuanzia Malindi na Shangani hadi Michenzani na Jang'ombe, bado yamehifadhi diski nyingi. Humo mna harusi, maulidi, mahafali ya skuli, nyimbo za taarabu zilizorekodiwa ukumbini na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mambo hayo yaliporekodiwa, CD na DVD ndizo zilizokuwa njia ya kawaida ya kuyaweka, na aghalabu mpigapicha alimkabidhi mwenye shughuli nakala moja au mbili tu, kisha naye akafuta ya kwake ili apate nafasi ya kazi nyengine. Leo diski hiyo inatiwa katika kompyuta, taa inapepesa, inasikika sauti ya kukwaruza, na mwisho kompyuta inadai kwamba haikupewa kitu.

Hapo mtumiaji hukimbilia moja kati ya hukumu mbili: ama diski imekufa, ama kompyuta imekufa. Hukumu ya kwanza humfanya atupe kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena. Ya pili humpeleka dukani kununua kiendeshi kipya, na mara nyingine kompyuta nzima, kwa hitilafu ambayo pengine ingeondoka kwa kitambaa safi. Somo hili linaeleza namna ya kumtambua mgonjwa kabla ya kutoa fedha, na namna ya kuilinda diski ya pekee wakati uchunguzi ukiendelea.

Kiendeshi kinavyosoma

Kiendeshi cha diski, ambacho mafundi wengi hukiita sidirom hata kama ni cha DVD, husoma kwa mwanga. Mota huizungusha diski, na lenzi yenye ukubwa unaokaribia punje ya choroko huelekeza mwanga wa leza kwenye tabaka jembamba la kuakisi lililomo ndani ya diski. Mwanga unaorudi ndio unaogeuzwa kuwa picha na sauti. Taarifa zimepangwa katika mstari mmoja uliojizungusha mithili ya dawa ya mbu ya kuwasha, kutoka katikati kwenda nje. Katika CD, nafasi baina ya mzunguko mmoja na wa pili ni mikromita 1.6, katika DVD ni mikromita 0.74. Unywele mmoja wa kichwani ukilala juu ya diski hufunika makumi ya mizunguko hiyo, na kwa sababu hiyo uchafu ambao jicho halioni haja ya kuujali huweza kukizuia kiendeshi kabisa.

CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa leza ya nanomita 650, na Blu-ray kwa ya nanomita 405. Diski zote tatu zina kipenyo cha sentimita 12 na hufanana machoni, lakini kiendeshi cha CD pekee hakitasoma DVD hata kiwe kipya namna gani, na cha DVD hakitasoma Blu-ray. Kabla ya kumlaumu mtu, tazama alama iliyochapwa kwenye uso wa kiendeshi. Halafu kumbuka kwamba kiendeshi cha DVD hubeba leza mbili, na moja huweza kuchoka ilhali ya pili ingali na nguvu. Kiendeshi kinachocheza filamu za DVD vizuri lakini kinakataa kila CD, au kinyume chake, huwa kimepoteza leza moja, na kusugua diski hakutakirudisha katika hali yake.

Liko jambo jengine ambalo wengi hulifahamu kinyume. Watu huogopa mikwaruzo ya upande wa chini unaong'aa, kisha wakaiweka diski kifudifudi mezani ili upande huo usionekane, au wakaandika jina la bibi harusi kwa kalamu ya wino yenye ncha kali upande wa juu. Katika CD, tabaka la taarifa liko juu, limekingwa na rangi nyembamba tu. Upande wa chini umekingwa na plastiki inayozidi milimita 1. Mkwaruzo wa chini aghalabu hutibika au husomeka, lakini mkwaruzo wa juu ukifika kwenye tabaka umeondoka na taarifa. DVD ina nafuu, kwani tabaka lake limo katikati ya sahani mbili zilizogandishwa, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.6.

Jaribio la diski tatu

Iweke kando diski unayoithamini. Tafuta diski tatu ambazo zikiharibika hutasikitika: CD moja ya nyimbo iliyotengenezwa kiwandani, DVD moja ya filamu ya kiwandani, na moja yoyote iliyochomwa kwa kompyuta. Diski ya kuchomwa hutambulika kwa rangi ya upande wake wa chini, ambayo huelekea kijani, buluu au zambarau, ilhali ya kiwandani huwa ya fedha. Tia moja moja, usubiri dakika nzima, na uandike kilichotokea.

Zikisomeka zote tatu, kiendeshi ni kizima na shida imo katika ile diski yako. Zikisomeka za kiwandani na ikakataliwa ya kuchomwa, lenzi ina uchafu au leza imeanza kupungua nguvu, kwa kuwa diski za kuchomwa huakisi mwanga hafifu zaidi na ndizo za kwanza kukataliwa. Ikikataliwa aina moja tu, ya CD au ya DVD, rejea maelezo ya leza mbili. Zisiposomeka zote, usiseme bado kwamba kiendeshi kimekufa. Sikiliza kwanza. Diski ikizunguka kwa kasi, ikapoa, ikazunguka tena, mota inafanya kazi na lenzi ndiyo isiyoona. Isipozunguka kabisa, tafuta kwenye umeme, waya au jinsi diski ilivyokaa.

Katika kompyuta mpakato, kosa la mkao ni la kila siku. Kitovu cha trei yake kina vishikizi vitatu vidogo, na diski sharti ibonyezwe kwa vidole viwili kukizunguka kitovu hadi isikike ikinasa. Diski iliyoegeshwa tu huyumba, nayo kompyuta huiona kuwa haipo.

Jaribio hili hukamilika kwa kuipeleka ile diski iliyokataliwa kwenye kompyuta ya jirani au ya ofisini. Viendeshi hutofautiana sana katika uvumilivu. Diski iliyoshindikana kwa viwili huweza kusomwa na cha tatu bila ya tabu. Usiihukumu diski yoyote kabla haijapita katika viendeshi visivyopungua vitatu. Isipokuwa diski yenye ufa: hiyo usiitie kokote, kwa sababu viendeshi vya kompyuta huizungusha diski kwa kasi kubwa na ufa mdogo huweza kuipasua vipande ndani ya chombo.

Unyevu, chumvi na vumbi

Hali ya hewa ya kisiwa ina sehemu yake katika lawama. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hunywa maji wakati wa masika, na upepo wa bahari huleta chumvi. Kompyuta ikitolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa barazani penye fukuto, umande hutanda juu ya lenzi na juu ya diski kama unavyotanda juu ya gilasi ya maji baridi. Kiendeshi kitakataa kila kitu, na saa moja au mbili baadaye kitafanya kazi kama kwamba hakikuwa na lolote. Kompyuta ikigoma mara tu baada ya kuhamishwa, iache ipoe na kukauka kabla ya kuifungua au kuipeleka kwa fundi.

Unyevu wa muda mrefu una madhara makubwa zaidi. Mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania walieleza habari za CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na mvua, ambayo kuvu lilikuwa limeila hadi kwenye tabaka la alumini. Hapa petu, madoa yanayofanana na maua ya ukungu kwenye ukingo wa diski ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Diski kama hiyo inakiliwe kwanza, mengine yafuate. Adui mwengine ni ile karatasi ya gundi yenye picha ya maharusi ambayo wapigapicha walipenda kuibandika juu ya diski. Kwenye unyevu hukunjamana, uzito wa diski ukaelemea upande mmoja na diski ikatetemeka inapozunguka. Usiibandue. Ukiibandua kwenye CD utaondoka na tabaka la taarifa, na harusi pamoja nalo.

Kusafisha diski ni kazi ndogo yenye kanuni moja: futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono. Mkwaruzo unaokatiza mizunguko hupoteza taarifa kidogo kutoka kila mzunguko, na kiendeshi kina hesabu za kuzifidia. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hupoteza kipande kirefu mfululizo, wala hauna fidia. Tumia kitambaa cha kusafishia miwani, maji safi, na tone la sabuni ya vyombo ikiwa kuna mafuta ya vidole. Kausha vizuri. Petroli, mafuta ya taa na tina huyeyusha plastiki. Dawa ya meno ambayo watu huisifia ni mchanga laini. Huenda ikapunguza mkwaruzo wa chini, lakini huongeza mingine mingi, na haifai kufanyiwa majaribio kwenye diski ya pekee.

Lenzi husafishwa kwa namna mbili. Katika kompyuta mpakato, lenzi hutoka pamoja na trei, hivyo huweza kupanguswa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, chovya kidogo kijiti cha pamba katika alkoholi ya isopropili, kisha uguse lenzi kwa wepesi bila ya kuikandamiza, kwani imening'inia juu ya nyaya nyembamba mno. Katika kompyuta ya mezani lenzi imo ndani, na iliyo salama ni diski maalumu ya kusafishia yenye brashi ndogo. Usikifungue kiendeshi na kukiwasha ili utazame leza kama inawaka. Leza ya CD haionekani kwa jicho, lakini jicho huiumiza.

Diski iliyotoka Maskati

Familia nyingi za Unguja zina ndugu Oman, Dubai au Uingereza, na zawadi za filamu husafiri na jamaa. Mpokeaji hushangaa kuona filamu mpya, safi, haichezi. Sababu yake si ubovu. Watengenezaji wa filamu za DVD waliigawa dunia katika kanda sita. Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India, iko kanda ya 5. Oman, Falme za Kiarabu na Uingereza ziko kanda ya 2. Marekani iko kanda ya 1. Kiendeshi cha kompyuta huruhusu kubadilishwa kanda mara 5 tu, na baada ya mara ya tano hubaki pale kilipo daima. Kompyuta iliyotumika iliyoletwa kutoka Ulaya au Ghuba aghalabu huja ikiwa katika kanda ya 2, na haijulikani mwenyewe wa awali alitumia mara ngapi kati ya hizo tano. Usikubali kila mara swali la kubadilisha kanda linapotokea katika kioo. Diski za harusi zilizochomwa nyumbani kwa kawaida hazina kanda, na zikikataa, tafuta sababu nyengine.

Sababu moja kama hiyo ni diski isiyofungwa. Kamera za video zilizorekodi moja kwa moja katika DVD ndogo za sentimita 8 zilihitaji diski ifungwe kwenye kamera hiyohiyo kabla ya kusomwa kwengine. Ikiwa kamera bado ipo, hata ikiwa kwa shemeji Chake Chake, itafutwe.

Kompyuta yenyewe

Ikiwa orodha ya mafaili ya diski inaonekana lakini filamu haichezi, kiendeshi kimekwisha kutimiza wajibu wake; kilichokosekana ni programu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows haiji na uwezo wa kucheza filamu za DVD bila ya nyongeza. Programu ya VLC hutolewa bure na huziba pengo hilo. Asikuuzie mtu kiendeshi kwa tatizo hili.

Ikiwa kompyuta haionyeshi hata alama ya kiendeshi, fungua orodha ya vifaa, ambayo katika Windows huitwa Device Manager. Kiendeshi kikiwamo na alama ya tahadhari, kiondoe katika orodha kisha uwashe kompyuta upya, nayo itakitambua tena yenyewe. Kisipokuwamo kabisa, tatizo ni waya au umeme.

Kiendeshi cha nje kinachochomekwa kwa USB huweza kuhitaji umeme wa karibu ampea 1 wakati wa kuanza kuzunguka, ilhali tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa ampea 0.5. Dalili yake ni kutoa mlio, kusita na kuanza upya bila ya kikomo. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyo, tumia waya mfupi, na kama waya una vichwa viwili, vichomeke vyote.

Kiendeshi cha kompyuta ya mezani hutumia umeme wa volti 5 kwa sehemu za elektroniki na volti 12 kwa mota. Kisanduku cha umeme kikichoka, taa huweza kuwaka na trei ikatoka, lakini diski isizunguke. Hapa Unguja, ambapo umeme hutufikia kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, si watu wengi waliousahau mgao wa giza wa Desemba 2009 hadi Machi 2010 na majenereta yaliyonguruma mitaani. Umeme wa kupanda na kushuka huvichosha visanduku hivi kabla ya kuchosha kitu chengine chochote. Mwambie fundi apime kisanduku kwanza.

Diski ikinasia ndani, zima kompyuta na uchomeke kibanio cha karatasi kilichonyooshwa katika tundu dogo lililo usoni mwa kiendeshi. Trei itasukumwa nje.

Kwa fundi

Pana jambo ambalo vitabu vya ufundi vya nchi nyengine havilitaji. Diski nyingi za harusi zetu zina picha za siku ya kupamba, ambamo wanawake wamejipamba bila ya buibui kwa kuwa ukumbini hamkuwa na mwanamume. Diski hiyo ikiachwa dukani usiku mmoja, nakala yake huchukua dakika chache kutengenezwa, na ikishaingia katika simu haina wa kuirudisha. Mpelekee fundi kompyuta pamoja na zile diski tatu za majaribio, nazo zinatosha kabisa kuonyesha kama kiendeshi kimepona. Diski ya familia ibaki nyumbani. Ikilazimika kunakiliwa kwa fundi, akae mtu wa nyumbani pembeni tangu mwanzo hadi mwisho, nakala iingie katika flashi yenu, na kilichobaki katika kompyuta ya fundi kifutwe mbele yenu, pamoja na kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo. Fundi mwaminifu hataona dharau. Wapo mafundi wa kike pia, na familia nyengine huona wepesi zaidi kwao.

Kabla ya kazi kuanza, mwombe aseme gharama ya uchunguzi na gharama ya matengenezo mbalimbali, na aandike. Kifaa kikibadilishwa, kidai kile cha zamani. Dai risiti yenye tarehe, jina la duka, jina la kifaa na muda wa dhamana, hata kama muda huo ni wiki moja. Ukinunua kiendeshi kilichotumika, kijaribu palepale dukani kwa CD na kwa DVD, si kwa moja kati yake. Muuzaji akikataa kutimiza alichoandika, mtumiaji wa Zanzibar ana haki ya kufikisha malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyopewa jukumu la kumlinda mtumiaji chini ya sheria ya mwaka 2018. Malalamiko yenye karatasi husikilizwa kwa wepesi kuliko yenye kumbukumbu za kinywa.

Siku itakaposomeka

Diski iliyokuwa ikikataa ikikubali siku moja, usikae kuitazama kwanza. Nakili mara moja kila kilichomo, kwa sababu huenda hiyo ndiyo mara ya mwisho. Unakilishaji ukikwama kwenye faili moja, liruke faili hilo uchukue mengine, kisha lirudie kwa kiendeshi tofauti. Pale ambapo njia ya kawaida imeshindwa, fundi mwenye ujuzi huweza kutumia programu huru ya ddrescue, ambayo huvuna kwanza sehemu nzima za diski na kurudia sehemu mbovu baadaye, badala ya kung'ang'ania kipande kibovu hadi kiendeshi kichoke.

Weka nakala mahali pawili, na pamoja pasiwe ndani ya nyumba hiyo. Diski yenyewe irudi katika kasha lake, isimame wima, mbali na dirisha, kwani rangi ya diski ya kuchomwa hufifia kwa jua. Kisha fungua nakala, faili baada ya faili, na uitazame mpaka mwisho. Faili lililonakiliwa nusu huonyesha jina lake kamili kama lililo zima, na upungufu wake hujulikana pale tu picha inapoganda.